Anayekula kwa Mtuhumiwa

Verna Stachowiak hakuwa na shahada. Hakuwa na mtoto, wala dada, wala koti la baridi ambalo zipu yake ilifika shingoni. Hakuwa na mwajiri. Alitengeneza tovuti za makanisa, za mafundi bomba na za maduka ya maua, akilipwa kwa kipande, na wenye maua mara nyingine walimlipa kwa maua. Hakuwa na ile sauti ya kumkatiza mtu anayesema. Na zaidi ya yote, hakuwa na bima ya matibabu iliyo yake. Alijibanza chini ya bima ya mumewe, Curt, kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli wenyewe ulikuwa mkononi mwa mtu wa tatu.

Mtu huyo aliitwa Dale Lindquist. Alikuwa na kampuni ya programu za maghala huko Milwaukee, na Curt alikuwa mtu wake wa kupokea simu za wateja waliokwama. Curt alikuwa na ugonjwa wa utumbo usiopona, unaotulizwa tu kwa dripu ya hospitali, na dripu ile mtu wa kawaida hawezi kuilipia bila kuuza nyumba. Bima iliyoilipia ilikuja na kazi, na ingeondoka na kazi. Ndivyo ilivyo katika nchi hii: mtu akifukuzwa leo, hata figo zake zinafukuzwa naye.

Kitu kimoja Verna alikuwa nacho, nacho hakikuwa chake. Ilikuwa simu ndogo nyeusi, mali ya Mkutano wa Kaskazini, ambao kila Novemba uliwakusanya watunga programu katika hoteli moja ya katikati ya jiji. Verna ndiye aliyeuandikia mkutano huo kanuni za mwenendo. Usimguse asiyetaka kuguswa. Usimfuate mtu. Usimdhalilishe mtu kwa jinsi alivyozaliwa. Aliyetendewa ubaya apige namba hii, atasikilizwa na mtu, si mashine. Namba ilichapishwa nyuma ya kadi ya kila mhudhuriaji, na tangu mkutano ufunguliwe Ijumaa Verna alikuwa akiibeba ile simu mfukoni kama yai.

"Samaki huyu ana mafuta kama injini," alisema mama mkwe wake, Leocadia, asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa jikoni na kibandiko cha joto begani, akila mabaki ya samaki wa Ijumaa bila kumpasha moto.

"Na bado unamla, Mama," alisema Curt.

"Namla kwa hasira. Nyie mlilipia, mimi namaliza."

Curt alicheka, akamgeukia mkewe. "Bosi anatoa hotuba ya kufunga leo. Msikilize vizuri unisimulie. Jumatatu atapita mezani kwetu kuuliza tulionaje."

"Mimi nitakuwa nabeba viti, Curt."

"Basi beba huku unasikiliza. Masikio hayabebi kitu."

Hapo simu nyeusi ililia. Wote watatu waliitazama. Verna aliipokea amesimama.

"Hii ndiyo namba ya nyuma ya kadi?" sauti ya msichana iliuliza.

"Ndiyo. Naitwa Verna. Uko salama?"

"Sasa hivi? Niko ndani ya chumba cha makoti. Nafikiri ndiyo."

"Baki hapohapo. Nakuja."

"Kuna nini?" Curt aliuliza. "Mtu kaibiwa kompyuta?"

Verna alikuwa ameshavaa koti. "Sijui bado," alisema, na wakati huo ilikuwa kweli.

*

Msichana aliitwa Odalys Figueroa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alitoka Toledo, na aliandika programu katika kampuni ndogo inayotengeneza ratiba za zahanati. Ijumaa alikuwa amezungumza jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Verna alimkuta ameketi juu ya sanduku la viatu vya theluji, makoti ya watu yakimning'inia pande zote.

"Kwanza nikuulize," Odalys alisema. "Na wewe ni wao?"

"Wao kina nani?"

"Wanaocheka akitania."

"Sijui nani anatania. Niambie."

Odalys alieleza taratibu, kama mtu anayesoma kosa kwenye kioo cha kompyuta. Jana usiku kulikuwa na karamu ya wazungumzaji. Kila kiti kilikuwa na kibao cha jina. Alipofika mezani alikuta vibao vimehamishwa, yeye yuko pembeni ya mwanamume mmoja mkubwa wa mkutano. Kabla ya supu kuisha mkono wa yule bwana ulikuwa juu ya paja lake. Alisogeza kiti, naye akasogeza chake. Wenzao mezani waliona viti vinavyotembea, wakacheka. Alipoaga, yule bwana aliingia naye kwenye lifti.

"Nikafikiri anakwenda chumbani kwake. Kumbe hana chumba hotelini! Nyumba yake iko mjini humuhumu." Odalys alijifuta pua kwa kiganja. "Akanifuata mpaka mlangoni kwangu. Akaweka mkono juu ya mlango, hivi. Akasema, 'Chumba hiki nimekilipia mimi. Mwenye nyumba hapigi hodi.' Kisha akacheka. Yaani ni mzaha, umeona? Lifti ikafunguka, wakatoka watu, mume na mke na mizigo yao. Akaondoka."

"Wewe ulimwambia nini?"

Msichana alicheka kwa uchungu.

"Nilimwambia asante. Asante kwa chumba. Ndicho kilichonitoka, Bi Verna. Mtu kaziba mlango wangu na mimi namshukuru."

Verna alipiga magoti kwenye zulia. "Ni nani?"

"Jina lake liko kifuani kwangu." Odalys aliinua utepe ulioshikilia kadi yake. Wahudhuriaji wengine walivaa utepe wa buluu. Wale waliosafirishwa na kulazwa kwa fedha za ufadhili walivaa wa kijani, ili wafadhili wafurahi kuwaona, na juu ya ule wa kijani palichapwa jina la kampuni iliyotoa fedha.

Verna alilisoma jina la Lindquist. Na jambo la kwanza kumjia akilini, Mungu amsamehe, lilikuwa ile mirija ya dripu.

"Unataka tufanye nini?" aliuliza.

"Sitaki afungwe. Sitaki hata aniombe radhi, ataigeuza nayo kuwa mzaha. Nataka asipande jukwaani leo alasiri, mimi nikiwa nimekaa chini yake nimevaa jina lake kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Ni hilo tu. Nyie mna kanuni. Nilizisoma kabla sijakubali kuja. Mama yangu hakutaka nije. Nilimsomea kanuni zenu kwa simu, ndipo akanikubalia."

"Mimi ndiye niliyeziandika," Verna alisema. Alimshika mkono. "Kamati inakaa saa hii. Nitakuwemo chumbani watakapoamua. Hutasimama peke yako."

Alisema hivyo kwa moyo wote. Kosa lake halikuwa uongo.

*

Kamati ilikuwa ya watu wanne: Verna, mwenyekiti Norb Pfister, mweka hazina, na fundi wa sauti. Norb alikuwa mwanzilishi wa mkutano, mzee mpole mwenye sweta la vifungo, aliyeyajua majina ya watoto wa kila mtu. Walikutana katika chumba kidogo chenye sinia la mikate iliyotiwa nyama. Verna alisimulia yote bila kuketi.

Alipomaliza, fundi wa sauti alitazama viatu vyake. Mweka hazina alitafuna mpaka akameza.

"Ni jambo zito," alisema Norb. "Umefanya vizuri kulileta. Sasa, dada yangu, kabla hatujaanza, iko ile ibara ya saba."

"Ibara ya saba?"

"Soma wewe. Imeandikwa vizuri kuliko ninavyoweza kusoma."

Verna hakuhitaji karatasi. Mjumbe ambaye yeye au mwenzi wake ana undugu na mtuhumiwa, au ameajiriwa naye, atoke chumbani wakati wa uamuzi. Aliiandika mwenyewe, akiwa na hakika kwamba siku moja itamzuia mtu mbaya. Anayekula kwa mtuhumiwa asimhukumu: alikuwa amefurahi sana siku alipoiweka vizuri.

"Curt yuko kwa Dale," Norb alisema kwa huruma. "Si kosa lako. Lakini tukiivunja hii leo, hizo nyingine tutazisimamiaje?"

Verna alilitazama lile sinia. Mikate ile ililetwa na kampuni ya Lindquist. Ilikuwa na bendera zake ndogo zilizochomekwa kwa vijiti. Ukumbi ulikuwa umelipiwa nusu na Lindquist. Vipaza sauti vya yule fundi vilikuwa zawadi ya Lindquist. Lakini ibara ilisema undugu na ajira, haikusema mikate. Na watu hawa walikuwa watu wa programu. Kazini kwao sharti likitimia hatua hufuata, na hakuna anayeiuliza mashine kama imeona aibu.

Angeweza kusema, "Basi tutoke wote." Sentensi ilikuwa tayari imejipanga mdomoni. Badala yake alihisi kitu kikimshuka mabegani, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na alipokitambua kitu hicho alikuta ni nafuu. Hakuna atakayesema yeye ndiye aliyempiga Lindquist. Curt atabaki kazini. Kanuni yenyewe imemtoa, tena kwa mkono msafi.

"Mmesikia yote niliyosema," aliwaambia.

"Kila neno," alisema Norb, akimfungulia mlango.

Koridoni, Dale Lindquist alikuwa anakunywa kahawa na vijana watatu waliomzunguka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi za kupendeza, na aliwaacha vijana akaja moja kwa moja.

"Bi Stachowiak! Tumbo la Curt linasemaje?"

"Linaendelea vizuri."

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Kwetu tunatunzana." Alikuwa na kikombe kitupu mkononi. Alitazama huku na huku akitafuta pa kukiweka, akakiweka mkononi mwa Verna, akarudi kwa vijana wake.

Verna alikichukua mpaka jikoni mwa hoteli. Njia nzima hakuona pengine pa kukiacha.

*

Norb alimkuta akipanga viti.

"Tumeona ni kutoelewana," alisema. "Mzaha uliopita kiasi. Dale amesikitika sana, alikaribia kulia. Atazungumza kama ilivyopangwa, maana ukimwondoa saa hii watu watauliza, na huyo binti ndiye atakayeumia. Tumemtafutia basi la mapema arudi kwao. Kwa gharama yetu."

"Mmemuuliza kama anataka basi?"

"Verna, usianze."

Odalys alikuwa kwenye mlango mkubwa wa mbele na sanduku lake, akingojea gari la kumpeleka kituoni. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka na kuyeyuka palepale. Alipomwona Verna hakugeuza uso.

"Ulisema utakuwemo."

"Kanuni ilinitoa. Mume wangu ameajiriwa naye."

"Kanuni gani?"

"Ya saba."

"Uliyoiandika wewe?"

"Mimi."

Odalys aliutoa ule utepe wa kijani shingoni, akaukunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akampa. "Hongera," alisema. "Inafanya kazi."

Alasiri ile Lindquist alizungumza juu ya ukarimu katika ufundi. Walimpigia makofi wamesimama. Verna alisimama pia, kwa sababu alikuwa amebeba kiti.

*

Jumapili Odalys aliandika mtandaoni yote yaliyompata, akataja majina. Jumatatu mkutano ulitoa taarifa. Verna aliisoma jikoni, na mwanzo hakuona kitu asichokitarajia: kutoelewana, kusikitika, heshima kwa pande zote. Kisha akafika kwenye sentensi ya mwisho. "Katika miaka yote ya mkutano huu, hatujawahi kupokea lalamiko lolote kuhusu mzungumzaji husika."

Aliisoma tena. Kisha akaifunika kompyuta kwa kiganja, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto.

Lalamiko lilikuwapo. Miaka miwili nyuma mwanamke mmoja wa Madison alimpigia kwa simu hiyohiyo. Mtu yuleyule, na mkono uleule mezani. Verna alimpelekea Norb habari hiyo. Ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa fedha za ufadhili, na Norb alisema, "Nitazungumza naye kiume, kimyakimya. Tusiuue mfuko kabla haujazaa." Verna alikubali. Yule mwanamke hakurudi tena mkutanoni, na wao walisema labda amehama.

Alimpigia Norb.

"Sentensi ya mwisho si kweli," alisema.

"Ipi?"

"Unaijua. Ya Madison."

Norb alishusha pumzi. "Lile halikuwa lalamiko rasmi. Halikuandikwa."

"Halikuandikwa kwa sababu uliniambia nisiandike."

"Na ulikubali. Sikukulazimisha, dada yangu. Halafu, kanuni zako zinasema jina la mlalamikaji ni siri. Unataka tumtoe hadharani?"

"Sitaki jina lake. Nataka mfute sentensi moja."

"Tukiifuta watauliza kwa nini tumeifuta." Akalainisha sauti. "Curt anaendeleaje? Ni majira mabaya haya kubadili kazi. Nasema kama rafiki."

Watu waliisoma ile sentensi ya mwisho wakaisadiki, maana ilikuwa fupi. Kama hajawahi kulalamikiwa, basi huyu anatafuta jina. Wakampata Odalys popote alipokuwa na ukurasa. Walimwita mwongo, na mengine ambayo sitayaandika. Walipeleka maneno mpaka kwa mwajiri wake. Kufikia mwisho wa juma kurasa zake zote zilikuwa zimefungwa, na simu yake haikuwa hewani.

*

Curt alirudi nyumbani siku ya Ijumaa akiwa amekumbatia paja zima la nguruwe la moshi, lenye mfupa, limefungwa utepe wa dhahabu.

"Sikukuu imewahi!" alisema. "Wenzangu wamepewa kuku. Mimi nimeitwa ofisini nikapewa hili. Kutoka mkononi mwake mwenyewe! Akasema, 'Msalimie mkeo, mwambie namheshimu.'"

"Hilo litatufikisha Krismasi," alisema Leocadia, akiligonga kwa vidole kama anayenunua tikiti maji. "Mfupa tutatia kwenye maharage."

"Lirudishe," Verna alisema.

"Nini?"

"Lirudishe, Curt. Hilo si la kwako. Ni la kwangu."

Akawaambia. Aliwaambia juu ya Odalys, juu ya mlango na mikate na ibara ya saba. Curt aliendelea kulishikilia lile paja kifuani, mafuta yakipenya karatasi. Verna alipofika kwa mwanamke wa Madison, Curt alimkatiza.

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Miaka miwili iliyopita. Novemba."

"Mimi niliajiriwa Februari yake."

Verna aliinamisha kichwa.

"Nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kazi," alisema Curt polepole. "Nilipeleka maombi kila mahali. Hata duka la matairi lilinikataa. Halafu Dale Lindquist ananipigia mwenyewe, ananiambia amesikia mimi ni mtu makini." Aliliweka paja mezani. "Mimi niliamini. Kila asubuhi kwenye kioo nilikuwa najiambia, wewe ni mtu makini. Kumbe nilikuwa nini, Verna? Nilikuwa asante?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Ulifikiri?"

"Nilifikiri," alisema Verna. "Nikaacha kufikiri. Ulikuwa unatapika damu, Curt."

Leocadia alikuwa ametafuta kisu. Alisimama nacho juu ya paja, hajui akate au asikate.

"Kule kiwanda cha ngozi nilikofanya kazi tulikuwa na msimamizi wa namna hiyo," alisema. "Tulimwita Vidole. Wasichana wapya tuliwaambia, usiende stoo peke yako. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu, wala hatukuichapisha."

"Ilisaidia?" Verna aliuliza.

"Walioambiwa." Bibi alikiweka kisu. "Wengine tulisahau kuwaambia."

Hakuna aliyelikata usiku ule. Lakini Jumapili njaa ni njaa, na paja lilikuwa zuri. Walilila kimya, wote watatu.

*

Namba ya nyumbani kwa Odalys ilikuwa kwenye fomu ya ufadhili. Jumatatu asubuhi Verna aliipiga, na aliyepokea alikuwa dada yake mkubwa.

"Wewe ndiye wa simu?" yule dada aliuliza. "Yule wa 'hutasimama peke yako'?"

"Ndiyo."

"Una uso mgumu. Unataka nini?"

"Kuzungumza naye. Kuna jambo analotakiwa kulijua. Hakuwa wa kwanza."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa. Aliposema tena, ile hasira ilikuwa imeshuka chini zaidi, mahali pabaya zaidi.

"Nani mwingine anajua hilo?"

"Mwenyekiti. Mimi."

"Sikiliza, mama. Kazini kwake wamemwita Ijumaa asubuhi. Aeleze kwa nini ameingiza jina la kampuni kwenye uzushi. Wanayo ile taarifa yenu, wameipigia mstari pale chini. Asipokuwa na kitu cha kuweka mezani, anafukuzwa. Haongei na simu, hata mimi nikimwita analia. Kama una la kusema, liandike. Kwenye karatasi, na sahihi yako, na anwani yako. Maneno ya simu kutoka kwako tumeshayasikia."

Akakata.

Verna aliketi kwenye meza ya jikoni akaandika kwa mkono. Hakuwa mwepesi wa barua. Alichana karatasi ya kwanza kwa sababu ilianza na habari za ugonjwa wa Curt, na ya pili kwa sababu ilikuwa inaomba radhi mpaka chini. Ya tatu ilikuwa fupi:

"Mimi ndiye niliyeshika simu ya malalamiko ya Mkutano wa Kaskazini. Miaka miwili kabla ya Odalys Figueroa, mwanamke mwingine alinipigia kuhusu Dale Lindquist, kwa jambo la namna ileile. Nilimwarifu mwenyekiti, Norbert Pfister. Tulikubaliana kutoandika kitu. Kwa hiyo taarifa kwamba hakuwahi kulalamikiwa ni ya uongo, na mimi nilisaidia kuutengeneza uongo huo. Jina la mwanamke yule nitaendelea kulificha, kwa sababu nilimwahidi. La kwangu liko hapa chini. Barua hii ni ya Odalys, amwonyeshe amtakaye."

Curt hakuwa amekwenda kazini. Tumbo lilikuwa limeanza kumkata, kama kawaida yake dripu inapokaribia. Alisoma amesimama nyuma ya kiti chake. Alipomaliza aliirudisha mezani kwa uangalifu.

"Ni kweli yote," alisema.

"Ndiyo."

"Dripu yangu ni Alhamisi."

"Najua."

"Ukiituma leo itafika Jumatano. Dada mtu ataisoma, atampigia mtu, mtu atampigia Norb. Alhamisi asubuhi nitakuwa nimekaa pale nimekunja mkono wa shati, na yule binti wa mapokezi atanishushia sauti aniambie, 'Bwana Stachowiak, kadi yako inakataa.'" Alijaribu kucheka. "Tuma Jumatano."

"Ikiondoka Jumatano itafika Ijumaa alasiri. Kikao ni asubuhi."

"Labda itawahi."

"Curt."

"Sikukatazi!" Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakigusana. "Sikwambii uichane. Norb alikwambia utoke kwa kanuni. Mimi sina kanuni. Mimi ni mumeo, nakuomba siku mbili. Nipe dawa moja tu mwilini, halafu tufukuzwe, tuuze gari, tufanye lolote. Siku mbili, Verna."

Leocadia alikuwa mlangoni na kibandiko chake begani. Verna alimtazama kama mtu anayetafuta shahidi.

"Usinitazame mimi," alisema bibi. "Yule binti ana mama yake wa kumlilia. Mimi nina huyu."

Curt alimshika magoti. Mikono yake ilikuwa ya moto, kama inavyokuwa homa inapoanza, na Verna aliifunika kwa mikono yake mwenyewe, akakaa hivyo, akaibana. Kisha akaitoa moja baada ya nyingine akairudisha kwenye mapaja ya mwenyewe.

Aliikunja barua mara tatu. Aliiingiza ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaibonyeza kwa ngumi kutoka pembe hadi pembe. Aliandika anwani ya Toledo kwa herufi kubwa. Curt aligeuza uso dirishani wakati wa kubandika stempu, kama watu wanavyogeuza uso sindano inapoingia.

"Uliniambia mimi pia," alisema akiwa ameelekea kioo. "Kanisani, siku ya harusi yetu. Ulisema utakuwemo."

"Nilisema," Verna alijibu, akavaa koti.

Sanduku la posta lilikuwa kwenye kona, la buluu, limeganda barafu kwenye bawaba. Alilivuta mara mbili ndipo likafunguka. Akaiachia bahasha. Kisha akafungua ule mdomo wa sanduku tena, kama wafanyavyo watu wote, kutazama kama imekwama mahali ambapo mkono ungeweza kuifikia.

Haikuwa imekwama.